Kupogoa si kuharibu: Somo la bustani ya wakfu katika milima ya Usambara

Unapofika mwezi wa Disemba, abiria apitaye Mombo hana haja ya kuuliza kama huko milimani matunda yameiva. Ndoo na vikapu vya plamsi nyekundu na pichi zenye manyoya laini huinuliwa hadi kwenye madirisha ya mabasi, na wiki kadhaa baadaye hufuatia peasi. Matunda hayo huteremshwa kwa barabara ya makona kutoka Soni, Lushoto, Magamba na vijiji vya juu zaidi. Mengi kati yake hayatoki katika mashamba makubwa. Hutoka katika miti michache iliyopandwa nyuma ya nyumba, baina ya migomba na mibuni, ambayo kwa familia nyingi ndiyo ada ya shule na sare ya mtoto.

Msikiti wetu, ulioko kwenye kilima juu ya Soni, nao unayo bustani ya namna hiyo. Ina miti 19: plamsi 8, pichi 6 na peasi 5. Si mali ya kamati wala ya imamu. Ni wakfu uliotolewa na mzee mmoja wa kijiji, Allah amrehemu, kwa sharti kwamba mapato ya matunda yamsaidie mwalimu wa madrasa na kununua misahafu na juzuu za watoto. Tunaandika makala haya kueleza kosa tulilolitenda juu ya miti hiyo, namna tulivyofundishwa, na yale ambayo kila familia yenye mti mmoja uani inaweza kuyafuata.

Mabishano ya kikaoni

Miaka minne iliyopita miti ile ilikuwa imesongamana mno. Matawi yalipandana, jua halikuingia ndani, na matunda yalikuwa madogo, mengi yakiwa na ukungu kabla ya kuiva. Mapato yalipungua mwaka hadi mwaka. Katika kikao cha kamati, mjumbe mmoja alishauri miti ipogolewe. Mzee mwingine akapinga, na hoja yake haikuwa nyepesi. Alikumbusha kwamba Sayyidna Abubakar (r.a.) alipoliaga jeshi lililokuwa likielekea Sham aliliusia lisikate mti wenye kuzaa. Kisha akauliza: ikiwa vitani mti wa matunda unaheshimiwa, je, mti wa wakfu, tena wakati wa amani, utakatwa kwa ruhusa ya nani?

Tulirejea vitabuni. Msingi wa wakfu unafahamika katika kisa cha Sayyidna Umar (r.a.), aliyepata ardhi Khaybar akamwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri, naye akamwelekeza aizuie asili yake na ayatoe mazao yake sadaka. Kwa hiyo asili hulindwa na mazao hugawiwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii walikwenda mbali zaidi wakatofautisha tunda na tawi. Tunda ni haki ya mwenye kunufaika na wakfu. Tawi ni sehemu ya asili, wala hana ruhusa ya kulichukua, isipokuwa katika mti ambao desturi yake ni kukatwa matawi. Tukaelewa kwamba kinachokatazwa ni kuimaliza asili. Kukata kunakoihuisha asili ni katika kuitunza, na kuutunza wakfu ni wajibu wa kwanza wa msimamizi wake. Wasia wa Sayyidna Abubakar ulihusu uharibifu. Mkulima anayepogoa hakusudii uharibifu.

Yule mzee akaridhika, nasi tukatoka kikaoni tukiwa na jibu la fiqhi mkononi. Tukadhani kwamba jibu la kilimo nalo tumelipata. Hapo ndipo tulipoteleza.

Kosa letu

Jumamosi moja ya mwezi Julai tuliwaita vijana waje na mapanga. Hatukuwa na nia mbaya. Tuliona kwamba matawi manene ndiyo yenye nguvu, na kwamba vijitawi vyembamba vilivyochipua karibuni ni takataka zinazonyonya chakula cha mti. Basi tukavifyeka vyote. Kufikia adhuhuri bustani ilionekana safi kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, na waumini waliokuja kuswali waliisifu kazi yetu.

Disemba ilipofika, miti yote 6 ya pichi haikutoa tunda hata moja. Miti ya plamsi ilizaa kidogo sana. Pale panga lilipopasua magome, utomvu ulivuja kama gundi, na mti mmoja wa plamsi ukaanza kukauka upande mmoja hadi ukafa. Posho ya mwalimu wa madrasa, ambayo ilitegemea mauzo ya msimu, ilikosekana kwa miezi 5. Mwalimu huyo ana watoto wanne. Alisubiri bila kunung'unika, na ukimya wake ulitulemea kuliko ambavyo lawama ingetulemea.

Chuoni tulisoma kisa cha watu wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende yao. Mtume (s.a.w.) alitoa maoni yake juu ya jambo hilo, nao wakaacha, na mavuno yakapungua, ndipo akawabainishia kwamba katika mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Kisa hicho tumekisomesha darasani zaidi ya mara moja. Hatukukifanyia kazi, kwani mjuzi wa miti ile alikuwa akiishi hatua 50 kutoka msikitini, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Bibi na miti yake

Mjuzi huyo ni mjane wa mzee aliyetoa wakfu. Mumewe ndiye aliyeipanda miti, lakini mkono ulioitunza kwa zaidi ya miaka 30 ni wa mkewe. Kamati yetu ni ya wanaume watupu. Tulipopokea wakfu tuliandika hati, tukataja mipaka na idadi ya miti, tukamshukuru Bibi kwa chai, tukaondoka. Haikutupitikia kumuuliza miti ile ilikuwa ikitunzwaje.

Tulipokwenda kumwomba radhi, tulimkuta akichambua maharage barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kwa habari ya pichi."

Alitueleza kwamba siku ile aliwaona vijana wetu kupitia dirishani. Tulimuuliza kwa nini hakututuma mtu wa kutuzuia. Akasema miti ilikwisha kutoka mikononi mwake, ikawa ya Allah, nasi ndio tuliokabidhiwa; aliogopa kuonekana anakitamani alichokwisha kukitoa. Jibu hilo lilitufundisha kwamba msimamizi wa wakfu hapaswi kungoja kuonywa. Yeye ndiye anayepaswa kwenda kuuliza.

Kisha Bibi alituongoza hadi kwenye mti wa pichi, akashika kijitawi chekundu kilichochipua baada ya kosa letu. "Huyu ndiye mama wa mwakani," akasema. "Ninyi mliwakata akina mama wote, mkaacha mabibi kama mimi."

Kila mti na mahali pake pa kuzaa

Kauli hiyo ya Bibi inabeba elimu yote ya kupogoa. Kabla ya kushika mkasi, ni lazima kujua mti husika huzaa kwenye tawi la umri gani.

Pichi huzaa kwenye vijitawi vilivyoota msimu uliopita tu. Kijitawi kikishazaa hakizai tena mahali palepale. Ndiyo maana mti wa pichi usiopogolewa huzaa mbali zaidi kila mwaka, kwenye ncha za juu zisizofikika, huku katikati ukibaki mtupu. Kila mwaka vilivyozaa hupunguzwa na vipya huachwa, hasa vyenye unene wa penseli. Pichi hustahimili kukatwa sana kuliko wenzake, mradi kinachokatwa ni kile kilichomaliza kazi yake.

Plamsi huzaa zaidi kwenye vijiti vifupi vinavyoota juu ya matawi ya miaka miwili au zaidi. Vijiti hivyo huzaa kwa miaka kadhaa kisha huchoka. Plamsi basi hupunguzwa kwa kiasi: huondolewa matawi yanayopandana na yale yanayokwenda wima juu, na kila mwaka sehemu ndogo ya matawi yaliyochoka huachia nafasi machipukizi.

Peasi nayo huzaa kwenye vijiti vifupi vyenye mafundo, ambavyo huweza kuzaa kwa miaka mingi. Anayevikata kwa kuviona vibaya sura amekata mavuno ya miaka kumi. Matawi yake hupenda kupanda wima. Badala ya kuyakata, ni bora yavutwe kwa kamba yalale kiasi, kwani tawi lililolala huzaa mapema kuliko lililosimama.

Kanuni hii haihusu miti mikubwa peke yake. Watoto wetu hula matunda madogo meusi ya vichaka vyenye miiba vinavyoota kando ya misitu ya Usambara. Ndugu za vichaka hivyo hulimwa Ulaya na Marekani katika bustani za nyumbani, na wataalamu wamekwisha kupata aina zisizo na miiba kabisa, ambazo mtoto huchuma bila kuchanika mikono. Shina la mmea huo hukua mwaka wa kwanza, huzaa mwaka wa pili, kisha hufa. Mtunzaji hulikata lililozaa hadi ardhini, na machipukizi mapya huyafunga kwenye waya yasubiri zamu yao. Asiyejua tofauti ya mashina hayo mawili hulikata lenye matunda ya mwakani na kuliacha lililokufa, kama tulivyofanya sisi.

Namna ya kupogoa

Miti hii asili yake ni nchi za baridi. Ilifika kwetu pamoja na Wazungu waliokalia Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Huhitaji kipindi cha ubaridi ili ipumzike, ipukutishe majani na kisha ichanue kwa pamoja. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingine viko juu zaidi; ndiyo maana miti hii imetukubali. Chini zaidi, ambako baridi ni haba, mti hubaki na majani na kuchanua ovyo. Huko Batu, katika Java Mashariki nchini Indonesia, wakulima wa matufaha walitatua tatizo hilo kwa kupukutisha majani kwa mikono ili mti upumzike na kuchipua upya.

Kwetu, wakati wa kupogoa ni Juni na Julai, mti ukiwa umelala na kabla macho ya matawi hayajavimba. Ichaguliwe siku kavu, kwa kuwa ukungu na manyunyu huingiza maradhi kwenye vidonda vibichi.

Zana ni mkasi wa kupogolea na msumeno mdogo, vyote vikiwa vikali. Panga halifai, kwani hupasua. Zana zifutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine, ili ugonjwa wa mti mmoja usihamie kwa jirani yake.

Kazi ifuate utaratibu. Kwanza huondolewa matawi yaliyokauka, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Pili huondolewa maotea yote yanayochipua chini ya mahali mche ulipobebeshwa, kwa sababu hayo si ya tunda ulilolipanda. Tatu hufunguliwa katikati ya mti, yakiachwa matawi makuu 3 hadi 5 yaliyotandaa kama bakuli, jua na upepo vipate kupita. Baada ya hayo ndipo hushughulikiwa vijitawi vya kuzaa, kwa kanuni ya kila mti kama tulivyoeleza.

Mahali tawi linapoungana na shina pana mkunjo mfano wa kola ya shati. Msumeno upite nje kidogo ya mkunjo huo. Ukiacha kisiki kirefu kitaoza. Ukikata hadi ndani ya shina kidonda hakitafunga. Tawi zito hukatwa kwa awamu tatu: kwanza chini yake, mbali kidogo na shina, hadi karibu theluthi ya unene, kisha juu, mbele kidogo, lianguke bila kuchuna gome, mwisho huondolewa kipande kilichobaki. Kijitawi chembamba hukatwa juu kidogo ya jicho linalotazama nje, kwa mshazari.

Mti uliosahauliwa kwa miaka mingi usirekebishwe kwa siku moja. Urejeshwe kwa miaka mitatu, na kwa mwaka mmoja isikatwe zaidi ya theluthi yake. Mche mpya, kwa upande mwingine, hukatwa kichwa mara unapopandwa, kwenye kimo cha sentimita 60 hadi 75, ili utoe matawi makuu mapema.

Kuna upogoaji mwingine ambao familia nyingi huuonea uchungu, nao ni kupunguza matunda yangali machanga. Yakifika ukubwa wa punje ya karanga, plamsi ziachiwe nafasi ya vidole vitatu au vinne baina ya moja na nyingine, na pichi upana wa kiganja. Yatakayobaki yatakuwa makubwa na matamu, na tawi halitavunjika. Mwisho, matunda yanayoanguka yaokotwe kila siku na kufukiwa shimoni, kina cha nusu mita, kwa sababu ndimo nzi wa matunda wanamozaliana.

Mavuno na haki zake

Baada ya mafunzo ya Bibi, kamati ilifanya mambo matatu. Tulinunua mikasi miwili na msumeno kwa mchango wa wajumbe wenyewe, si kwa fedha za wakfu, kwa kuwa hasara ilitokana na sisi. Tulichanga pia malimbikizo ya posho ya mwalimu. Na tulimwomba Bibi awe mwangalizi wa bustani, vijana wa madrasa, wavulana kwa wasichana, wakifanya kazi chini ya mkono wake. Msimu uliofuata pichi zilizaa kidogo. Msimu wa pili zilizaa vizuri, na matunda yake yalikuwa makubwa kuliko tuliyowahi kuyaona. Pale ulipokufa mti wa plamsi tumepanda mche uliobebeshwa, kwani eneo la Jaegertal, karibu na mji wa Lushoto, lina kitalu cha miche ya matunda.

Msimamizi wa wakfu anaruhusiwa kula katika mazao yake kwa wema na bila kujilimbikizia, kama ilivyokuwa katika masharti ya wakfu wa Sayyidna Umar. Tulipomweleza Bibi haki hiyo, alikataa fedha. Aliomba jambo moja: mti wa pichi ulio kando ya njia usivunwe kwa ajili ya soko, bali uachiwe watoto na wapita njia.

Ombi hilo lilitukumbusha kisa cha watu wa shamba katika Surat Al-Qalam, walioapa kuvuna alfajiri ili masikini asiingie, wakaamka wakakuta shamba limeteketea. Katika madhehebu yetu, zaka ya matunda ni ya tende na zabibu, ilhali Imamu Abu Hanifa aliiona katika mazao yote. Hata hivyo, sadaka haina mipaka hiyo, na tumefundishwa kwamba anachokila ndege au mtu katika mti wa Muislamu huandikwa kwa aliyeupanda. Kamati ilikubali ombi la Bibi kwa kauli moja, na likaandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Ndugu msomaji, Julai ikifika, kabla hujaushika mkasi, uzunguke mti wako kwa utulivu. Tazama ni lipi lililozaa na ni lipi linalosubiri. Na ikiwa nyumbani au jirani kwako yupo mama au bibi aliyeutunza mti huo, anza kwa kumwamkia, kisha muulize. Sisi tulipoteza msimu mzima kwa kuyajua hayo baada ya kukata.

Tunamwomba Allah atusamehe tuliyoyakosea katika amana yake, amrehemu aliyeipanda miti ile, na amlipe kheri aliyeitunza. Wabillahi tawfiq.